Mzazi Aliyetengana si Marehemu



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, hugeuza furaha kuwa simanzi katika nyumba nyingi. Kijana amefaulu. Nyumbani hakuna fedha, naye hana budi kuomba mkopo wa Serikali. Lakini wazazi wake hawaishi tena pamoja.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Shabaha yake ni njema: mtoto wa maskini asikose elimu kwa sababu ya umaskini wake. Hata hivyo, fedha hazitoshi kwa wote, na kwa hiyo Bodi hupima uhitaji wa kila mwombaji. Nayo haimjui kwa sura, bali kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, habari za wazazi, mdhamini, na fomu iliyotiwa sahihi na kiongozi wa mtaa au kijiji na kuthibitishwa mbele ya hakimu au wakili.

Mtoto wa marehemu huambatisha cheti cha kifo. Mtoto wa waliotalikiana mahakamani anayo hati ya mahakama. Lakini ndoa nyingi kwetu huvunjika bila karatasi yoyote. Mama hurudi kwao na watoto, baba huhamia mjini na kuanza maisha mengine, na miaka kumi hupita. Katika cheti cha kuzaliwa jina la baba lipo; mezani pa chakula, baba hayupo.

Hapo kijana hujiwa na vishawishi viwili. Cha kwanza husema: “Andika kwamba baba amekufa.” Ushauri huu hutolewa na watu wazima, tena wenye heshima zao. Kughushi cheti cha kifo ni kosa la jinai, na uhakiki wa RITA upo ili kuufichua uongo wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, tunamfundisha kijana kuanza usomi wake kwa kumzika mtu aliye hai. Kishawishi cha pili ni kunyamaza: kuandika kazi ya baba bila kueleza kwamba mshahara wake haufiki nyumbani. Kijana huonekana mtoto wa mwajiriwa, kumbe kwa miaka mingi hajanunuliwa hata daftari.

Njia ya haki ni ukweli wenye ushahidi. Kijana na aanze mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Akusanye kilichopo: hati ya talaka, barua ya baraza la usuluhishi wa ndoa, au amri ya matunzo. Kama hakuna, aende na mlezi wake kwa mwenyekiti, kwa mtendaji na kwa afisa ustawi wa jamii, waeleze nani anamtunza na tangu lini, na waombe maelezo hayo yaandikwe. Kama kaya yao imewahi kuandikishwa na TASAF katika mpango wa kunusuru kaya maskini, na hilo lithibitishwe. Asome mwongozo wa mwaka ule ule anaoomba, maana masharti hubadilika. Na akipewa pungufu kuliko hali yake, asikate tamaa, bali akate rufaa katika muda uliowekwa.

Sasa tuseme na ninyi wazazi. Wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yatamka kwamba mtoto ambaye wazazi wake wametengana bado ana haki ya kutunzwa na kusomeshwa. Ni kweli, afikishapo miaka 18 sheria hiyo haimwiti tena mtoto. Lakini je, moyo wako nao umeacha kumwita hivyo? Ewe baba uliyeondoka, sahihi yako na nakala ya kitambulisho chako hazikupunguzii kitu. Nawe mama uliyeachwa, uchungu wako tunauheshimu. Hata hivyo usimkataze mwanao kwenda kuziomba.

Viongozi wa mtaa, msiiuze sahihi yenu, wala msiitie chini ya jambo msilolijua. Na jumuiya ndogondogo, ninyi mnajua ni nani aliyemlea kijana huyu. Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya familia, aliiomba jumuiya ya Kanisa iwategemeze wale waliotengana. Kumsindikiza mama mnyonge hadi ofisi ya kata ni sehemu ya tegemeo hilo.

Mwisho, tusisahau kwamba mkopo ni deni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Deni hilo atalilipa kijana mwenyewe, wala si wazazi waliogombana. Atakayeubeba mzigo peke yake kwa miaka mingi anastahili, walau siku ya kujaza fomu, kuwakuta wazazi wake wote wawili upande wake.