Mlango Uliokwisha Kufunguliwa: Mikataba ya Biashara na Faida Yake

Swali la kama nchi inafaidika kwa kuingia katika mkataba wa biashara na mataifa makubwa huulizwa mara nyingi kana kwamba lina jibu moja kwa nchi zote. Wapo wanaosema kwamba kila mkataba ni mtego wa mabeberu, na wapo wanaosema kwamba nchi isiyotia sahihi itaachwa nyuma. Kauli zote mbili ni nyepesi jukwaani, na zote mbili humwondolea msemaji taabu ya kuusoma mkataba wenyewe. Katika Afrika Mashariki upo mfano unaoonyesha kwamba mkataba ule ule unaweza kuwa wa lazima kwa nchi moja na usiwe na maana kwa jirani yake.

Mwaka 1975, mjini Lomé, nchi 46 za Afrika, Karibi na Pasifiki zilitiliana sahihi na nchi 9 za Soko la Pamoja la Ulaya mkataba ulioruhusu karibu bidhaa zao zote kuingia Ulaya bila ushuru, nazo zisidaiwe kufungua masoko yao kwa kiasi hicho hicho. Mpango huo ukarithiwa na Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000. Lakini upendeleo wa namna hiyo ulipingana na kanuni za Shirika la Biashara Duniani, na ruhusa maalumu iliyokuwa ikiulinda ikaisha mwishoni mwa mwaka 2007. Hapo ndipo ulipoletwa Mkataba wa Ubia wa Uchumi, ambao msingi wake ni kwamba Ulaya ifungue mlango na Afrika nayo ifungue wa kwake.

Mazungumzo na Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikamilika Oktoba 2014. Nchi za Jumuiya zilitakiwa kuondoa ushuru, hatua kwa hatua katika muda wa miaka 25, kwa asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zitokazo Ulaya. Tarakimu hiyo imetajwa na wapinzani wa mkataba kila mahali. Ni haki kueleza pia kwamba asilimia 65.4 zilikuwa tayari hazitozwi ushuru wowote, kwa kuwa ni mitambo, malighafi na vitu vya namna hiyo ambavyo Jumuiya yenyewe inavihitaji. Anayeficha jambo hilo hawasaidii wananchi kufikiri.

Hatari iliyo kubwa zaidi ilikuwa katika vifungu visivyosomwa sana. Kimojawapo kilihusu ushuru unaotozwa mazao yanapouzwa nje. Chini ya mkataba, nchi isingeweza kuanzisha ushuru mpya wa namna hiyo ila kwa muda na kwa masharti. Mkulima wa Mtwara au Lindi anaelewa maana yake. Korosho nyingi za Tanzania zimekuwa zikisafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, zikabanguliwa huko, na kazi ya kubangua pamoja na mshahara wake vikabaki huko. Serikali inayotaka korosho ibanguliwe nyumbani ina nyenzo chache mkononi, na ushuru wa korosho ghafi ni mojawapo. Leo ni korosho. Kesho huenda likawa zao jingine au madini. Kujifunga mikono mapema kwa ajili ya bidhaa ambayo kiwanda chake hakijajengwa ni jambo zito.

Na Tanzania ingepata nini badala yake? Hapa ndipo kiini cha suala lote kilipo. Tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umekuwa ukizipokea bidhaa zote za nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo, isipokuwa silaha, bila ushuru wala kikomo cha kiasi. Tanzania imo katika orodha hiyo ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo ilikuwa ikiombwa kulipia mlango ambao ulikwisha kufunguliwa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa aliupinga mkataba huo hadharani, na Novemba 2016 Bunge likaazimia kwamba usitiwe sahihi.

Kenya haikuwa na nafasi hiyo, kwa maana haimo katika orodha ya nchi hizo. Mazungumzo yalipochelewa, tarehe 1 Oktoba 2014 maua yake yalianza kutozwa ushuru Ulaya, na hali hiyo ikadumu hadi karibu na mwisho wa Desemba. Kwa kibarua wa mashamba ya maua ya Naivasha hayo hayakuwa mabishano ya wataalamu. Septemba 2016 Kenya ilitia sahihi, na Rwanda pia. Anayeilaumu Kenya kwa usaliti angepaswa kwanza kusema maua yale yangeuzwa wapi.

Hata hivyo, Ndugu Wasikilizaji, kukataa mkataba si sawa na kufanya biashara. Mwaka 1999 Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Mkataba wa Lomé ulikuwa ungali hai na ushuru haukuwapo, lakini viwanda vya minofu vya Mwanza havikuweza kupeleka hata kilo moja. Kilichofungua tena soko ni upimaji na ukaguzi, kazi ya maabara na ya watumishi wanaojua wajibu wao. Kwa miaka yote hiyo mlango wa Ulaya umekuwa wazi kwa Tanzania, na bado kinachopita ni kahawa, tumbaku, samaki na vitu vichache vingine.

Mambo nayo hayakusimama. Tarehe 18 Desemba 2023 Kenya ilitia sahihi mkataba wake yenyewe na Umoja wa Ulaya, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Jumuiya ina ushuru wa pamoja wa forodha tangu mwaka 2005. Sasa bidhaa ya Ulaya inayoingia Mombasa kwa masharti nafuu huweza kufika Namanga, na ofisa wa forodha pale hana budi kujua imetoka wapi.

Tena, mwaka 2024 Tanzania, pamoja na Uganda na Rwanda, ilifikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka katika orodha ya nchi zilizo nyuma kabisa. Mapitio mengine ni mwaka 2027. Nchi ikitoka katika orodha, hupewa miaka michache ya kujiandaa, kisha mlango ule usiolipiwa hufungwa. Siku hiyo hoja iliyotumika Bungeni mwaka 2016 haitakuwapo tena, na wajumbe wa Tanzania watakaporudi mezani wataulizwa ni viwanda vingapi vya korosho vilivyojengwa katika muda ule ambao mikono ilikuwa haijafungwa.