Sabuni Haina Haraka
(Maneno ya Kamati ya Miradi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)



Tumepewa dakika chache tuseme juu ya mradi wa sabuni ya mafuta ya nguruwe, na hasa kwa nini inakawia kufika sokoni.

Shahamu tunaikatakata, tunaiyeyusha kwa moto mdogo, kisha tunaichuja kwa kitambaa safi. Kwa kila kilo 1 ya mafuta tunapima gramu 130 za kostiki na gramu 330 za maji; tunapima kwa mizani, si kwa kikombe. Kostiki ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, maana hufoka na kuunguza. Tunavaa glavu na miwani, watoto wanakaa mbali, na sufuria ya alumini hapana, kostiki huila. Vyote vikishakuwa vuguvugu tunachanganya na kukoroga mpaka mwiko uache alama kama kwenye uji mzito, ndipo tunamimina kwenye maboksi.

Baada ya siku moja au mbili tunakata vipande. Hapo ndipo maneno huanza: "Jamani, si imeshakuwa sabuni? Tuuze, ada za shule zimefika!" Kwa macho ni sabuni kweli. Lakini bado ina maji mengi. Ni laini, na mteja akiitumia inamwishia upesi. Inataka wiki 4 hadi 6 juu ya chanja, kivulini, penye hewa, vipande visigusane, na tuvigeuze. Ikikauka inapungua uzito lakini inakuwa ngumu. Anayeuza mbichi anamuuzia mwenzake maji, na mteja huyo harudi.

Kwa hiyo tunawaombeni jambo moja. Mkopo wa sabuni usirejeshwe kuanzia mwezi wa kwanza kama ule wa nyanya. Marejesho yaanze mwezi wa tatu. Tukimbana mwenzetu alipe kabla sabuni haijakauka, ni sisi tunaomsukuma auze mbichi.

Tena, kwa heshima ya Waislamu, wanachama na wateja, sabuni hii iandikwe wazi kuwa ni ya nguruwe. Ile ya mawese iwe na vyombo vyake na kipimo chake cha kostiki.

Akiba yetu tumeisubiri miaka kumi. Wiki sita zitatushinda?