Kutengeneza bila Kufuta: Maneno juu ya Gitari ya Nyuzi Nne



Nimeombwa kusema machache juu ya chombo ambacho wengi wenu hamjakishika: gitari ya tenor ya zamani, yenye kifua cha kuchongwa, iliyotengenezwa upya. Si chombo cha kwetu, lakini chatuuliza swali ambalo kila mrithi hulikuta: kitu cha kale kikiharibika, tufanyeje kiishi bila kugeuka kitu kingine?

Asili yake ni mji wa Kalamazoo, katika Marekani. Huko, mwishoni mwa karne ya 19, Orville Gibson alichonga vifua vya mandolini na gitari kwa namna ya mafundi wa violini, yaani ubao unene katikati na kupungua kandokando. Kiwanda chenye jina lake kiliundwa mwaka 1902. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kilitoa gitari iitwayo L-5, kazi ya Lloyd Loar, yenye matundu mawili ya umbo la herufi f pahali pa tundu moja la mviringo. Sauti yake ilipenya hata katikati ya matarumbeta.

Na mbona nyuzi nne? Katika miaka ya 1920 wapigaji wengi wa jazi walitumia banjo ya tenor, yenye nyuzi za do, sol, re na la. Ladha ya watu ilipogeuka, walidaiwa gitari. Basi viwanda vikawapa gitari ya shingo nyembamba, yenye nyuzi za urefu wa karibu sentimita 58 na sauti zile zile nne. Vidole havikulazimika kujifunza upya. Baadaye nyuzi sita zilishinda, na nyingi za tenor zikasahauliwa pembeni. Hata hivyo Tiny Grimes alipiga gitari ya umeme ya nyuzi nne pamoja na Art Tatum katika miaka ya 1940.

Gitari iliyolala miaka hamsini huumia. Mvuto wa nyuzi huinamisha shingo, kifua huzama au kupasuka, na mihimili ya ndani huachia. Hata kibao cha seluloidi kinacholinda kifua huoza, na mvuke wake hula vyuma vilivyo karibu. Lakini mafundi wa kale walitumia gundi ya ngozi za wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu. Kwa hiyo fundi mwenye subira aweza kuitoa shingo, kuinyosha pembe yake na kuirudisha. Ufa huungwa kwa gundi ile ile, na vipande vidogo vya ubao hubandikwa kwa ndani.

Wako wanaosema: chombo ni cha kupigwa, si cha kuabudiwa kabatini. Wana haki. Vyuma vya shingoni vilivyolika lazima vibadilishwe, la sivyo sauti itakuwa ya uongo. Lakini anayekwangua vernisi yote ili gitari ing'ae huondoa ushuhuda wa mikono iliyoishika, na thamani yake hushuka. Tazameni banjo za tenor za kabla ya vita: nyingi zilinyang'anywa shingo zao na kupewa shingo za nyuzi tano, kwa sababu hizo ziliuzwa vizuri zaidi. Leo zilizobaki kamili zimepungua. Kwa hiyo kanuni njema ni hii: badili kile kinacholiwa na kazi, acha kile kinachotambulisha chombo, wala usifanye jambo ambalo fundi ajaye hawezi kulifungua.

Ndugu zangu, mwaka 1952 Hugh Tracey alinasa gitari ya Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Sauti ile twaisikia hata sasa. Lakini vyombo vya kizazi chake, vingapi vimebaki katika nyumba zetu? Kabla ya kutupa gitari ya babu au harmonia iliyonyamaza, mtafuteni fundi, mwulizeni atafanya nini, na yaandikeni aliyoyafanya. Wajukuu watahitaji kujua kipi ni cha kale na kipi ni cha kwetu.