Mtoto wa Kijiji Asomeshwe Uganga
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanachama)



Tumekuja kusema jambo moja: tukitaka mganga akae kijijini, tumsomeshe mtoto wa kijijini.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka Tanganyika mwaka 1961, waliacha madaktari wananchi 12 tu. Hatukukaa tukalia. Mwaka 1963 shule ya madaktari ilifunguliwa Dar es Salaam, nayo ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Muhimbili. Mwaka 2007 Serikali ikaazimia kila kijiji kiwe na zahanati. Tukabeba mawe, tukafyatua matofali, kuta zikasimama.

Lakini ukuta haumzalishi mama. Waganga hupangiwa huku, wakaripoti, kisha wakatafuta uhamisho. Tusiwatukane; aliyezaliwa na kusomea mjini huona huku ni ugenini. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010, likarudia mwaka 2021, kwamba mwanafunzi aliyetoka shamba ndiye aelekeaye zaidi kurudi kufanya kazi shamba.

Wenzetu wa Afrika Kusini wamelijaribu jambo hili. Hospitali ya Mosvold, huko Ingwavuma, mashambani kabisa, ilikuwa na shida kubwa ya kupata madaktari. Mwaka 1999 ukaanza mfuko wa kuwasomesha vijana wa palepale. Sharti lake: kila mwaka uliosomeshwa, utumikie nyumbani mwaka mmoja. Tangu hapo wamehitimu mamia.

Na kwetu je? Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016. Mikopo ya Serikali kwa wanafunzi wa stashahada za afya ilianza mwaka wa masomo 2023/24. Twashukuru. Lakini chuo cha uganga chataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Msichana wa shule isiyo na mwalimu wa Kemia amekwisha kufungiwa mlango kabla hajajaza fomu ya mkopo. Na yule anayefaulu akakosa mkopo, ana miaka mitatu ya ada, chakula na nauli. Baba yake atauza mbuzi wangapi?

Basi twapendekeza haya. Kwanza, kila kata iwe na mfuko wake, fedha zikae benki, na hesabu isomwe hadharani. Pili, mfuko ulipie masomo ya ziada ya sayansi tangu kidato cha pili, tusingoje mtoto aanguke. Tatu, atakayesomeshwa atie saini kurudi, mwaka kwa mwaka. Nasi tuiombe Halmashauri mapema impangie kwao, tena tumjengee nyumba ya kuishi.

Ndugu zangu, hii si sadaka. Kila wiki twachanga kwa ajili ya mazishi, na hatushindwi. Tukiweza kuchangia kaburi, twaweza kuchangia mkunga. Mgeni, hata awe mwema, siku moja huaga, mwenyeji hubaki.

Uhuru na Kazi!