Tuwape Watoto Wetu Hadithi za Maajabu

Maneno ya Kamati ya Elimu katika hafla ya mwaka ya kuchangia maendeleo ya nyumbani

  

Mwaka huu kamati yenu ya elimu haikuja kuomba mabati wala saruji. Madawati na matundu ya vyoo bado yanahitajika, na wenzetu wa majengo watayasema wao. Sisi tunaomba vitabu vya hadithi. Tena si hadithi zozote. Tunaomba hadithi za majini, za mji uliogeuka mawe, za nchi inayoelea hewani, na za maiti iliyokutwa kwenye mzimu. Tunaona baadhi yenu mmeshaanza kutazamana. Tuvumilieni kidogo tueleze.

Mtoto wa darasa la nne mpaka la saba ameshajua kusoma herufi. Swali ni kama anasoma. Wengi wetu tunao watoto au wajukuu wa umri huo, wa miaka 9 hadi 13, na tunajua hali ilivyo. Kitabu anachokijua ni cha kiada, na anakifungua kwa sababu ya mtihani. Mtihani ukiisha, kitabu kinafungwa. Umri huu ni njia panda. Mtoto akikutana na kitabu kinachomnyima usingizi, atakuwa msomaji maisha yake yote. Asipokutana nacho, atafika sekondari akikiona kila kitabu kuwa ni adhabu.

Katika shule moja tuliyoitembelea tulikuta vitabu vya ziada vimefungiwa kabatini visije vikachanika. Vilikuwa safi kama vilivyotoka kiwandani. Ndugu zetu, kitabu kilichokaa miaka na kikabaki safi ni kitabu ambacho hakijasomwa.

Kwa nini basi tunataka hadithi za maajabu na mafumbo? Kwanza, kwa sababu watoto wetu wamezaliwa katikati yake. Nani kati yetu hakuambiwa utotoni kwamba mapango ya Amboni yana njia ya chini kwa chini inayotokea Mombasa, na wengine wakasema inafika Kilimanjaro? Nani hakusikia habari za Osale Otango, anayesimuliwa kwamba alijificha mle mapangoni miaka ya 1950? Ukienda Tongoni, kusini ya mji, unakuta magofu ya msikiti na makaburi ya karne nyingi, na kila mzee ana lake la kusema. Hata baharini kwetu kuna ajabu. Silikanti, samaki ambaye wataalamu wa dunia nzima waliamini ametoweka tangu miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938, amekuwa akinaswa na wavuvi wa Tanga. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti hapo hapo kwetu.

Mtoto aliyelelewa na mambo haya ana njaa ya hadithi tayari. Zamani mabibi zetu waliishibisha kwa paukwa pakawa. Hadithi ya Nunda, yule paka aliyekua akawa mla watu mpaka mtoto mdogo wa sultani akaenda kumtafuta, ilisimuliwa pwani hii kabla Askofu Steere hajaichapisha kitabuni mwaka 1870. Leo bibi yuko kijijini, mtoto yuko mjini, na jioni ni ya televisheni na simu. Hatumlaumu mtu. Lakini nafasi ile imebaki wazi, na kitabu kinaweza kuijaza.

Sasa tutaje vitabu vyenyewe, maana mtu akichangia ana haki ya kujua anachangia nini.

Tunaanza na mtu wetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, na akafariki hapa hapa Tanga mwaka 1962. Wengi tunamjua kwa mashairi na kwa jina lake kwenye shule na mitaa. Wachache tunakumbuka kwamba aliandika moja ya hadithi tamu kabisa za ajabu kwa Kiswahili, *Adili na Nduguze*, iliyotoka mwaka 1952. Mjumbe wa mfalme analala nyumbani kwa liwali anayesifika kwa wema. Usiku anamwona liwali huyo huyo akiwachapa nyani wawili viboko, kisha anawalisha kwa upole na kulia. Kwa nini mtu mwema afanye hivyo? Mtoto akishalijua swali hilo, hakiweki kitabu chini. Ndani yake atakuta safari za bahari, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, jini anayelipa fadhila, na ndugu waliomwonea ndugu yao wivu mpaka wakamtosa baharini. Hatutawamalizia. Kitabu hiki tunakipendekeza kwa darasa la sita na la saba, na kwa la tano kikisomwa pamoja na mtu mzima, kwa sababu lugha ya Mzee Shaaban ina maneno mengi ambayo leo hayatumiki sana.

Cha pili ni *Kusadikika* cha mwandishi huyo huyo, cha mwaka 1951. Ni habari ya nchi iliyo angani, na ya Karama, mtu anayeshitakiwa kwa kutaka sheria ifundishwe. Anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na mema, wakalipwa gereza. Tuseme kweli: hiki ni kizito kwa mdogo. Lakini kila kisa cha mjumbe kinajitegemea, na mwalimu anaweza kusoma kimoja kwa wiki. Wakubwa walikisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni. Mtoto atakisoma kwanza kama safari, na fumbo atalifumbua akikua. Kitabu kizuri humngoja msomaji wake.

Cha tatu ni cha ndugu yetu wa Muheza, marehemu Edwin Semzaba, ambaye wengi mnamkumbuka kwa tamthilia ya *Ngoswe*. Mwaka 2008 alitoa *Marimba ya Majaliwa*, riwaya ya vijana kuhusu mtoto, marimba yake, na safari inayopita sehemu nyingi za Tanzania. Hiki ndicho chepesi zaidi kwa lugha kati ya vile vya watu wetu, na kinamfundisha mtoto nchi yake bila yeye kujua kwamba anafundishwa. Wanaoanza waanzie hapa.

Cha nne kinatoka mbali kikapita nyumbani. Ni kile kisa cha Mwingereza Lewis Carroll cha msichana aliyemfuata sungura shimoni akaingia nchi ambayo hakuna kinachokwenda kwa kawaida. Kiswahili kilikipata mapema, mwaka 1940, kwa jina la *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*. Mwaka 2015 kikatoka kwa tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*. Ni kitabu cha kuchekesha, na kinafaa sana kusomwa kwa sauti kwa sababu ya mabishano na michezo ya maneno. Tunakitaja pia kwa ajili ya wasichana wetu, ili wamwone msichana anayeingia mahali pageni, anauliza, anabisha, na anarudi salama.

Cha tano ni cha mafumbo ya upelelezi: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotoka mwaka 1960. Tajiri mmoja anakutwa amekufa kwenye mzimu unaoogopwa na watu. Watu wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio uliomchukua. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, na anaanza kuuliza. Kuna mauaji humu, kwa hiyo tunakiweka kwa darasa la saba na kwa wale wanaosubiri kuingia kidato cha kwanza. Lakini tunakitaka sana, na sababu yake inajibu hofu ambayo tunajua iko hapa ukumbini.

Wazazi kadhaa wametuambia waziwazi: kitabu cha majini na mizimu kitamtia mtoto ushirikina. Wametuuliza kama hii si kazi ya kuwapotosha watoto waliofundishwa dini zao. Ni hofu ya haki, na aliyeisema ameisema kwa mapenzi. Tunaijibu kwa vitabu vyenyewe.

Katika *Adili na Nduguze*, jini hampi mtu njia ya mkato ya kupata mali. Maajabu yote yanakwenda na haki: aliyetenda wema analipwa wema, aliyehusudu anavaa sura ya husuda yake. Mtoto anayekifunga kitabu hicho haendi kutafuta mganga. Anakwenda kumtazama ndugu yake kwa jicho jingine. Na katika kisa cha Bwana Msa, mzimu ni kisingizio. Kila penye vitisho, yeye anatafuta alama ya mguu, saa, na nani anayefaidika. Mtoto aliyefuatana naye mpaka ukurasa wa mwisho, akija kuambiwa kesho kwamba jirani fulani ni mchawi, huenda akauliza, "Mmejuaje?" Katika nchi ambayo wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, swali hilo si dogo. Linaweza kuokoa roho ya mtu.

Turudi kidogo Amboni. Wataalamu walipoyapima mapango yale mwaka 1994, walikuta ni mapango kumi yaliyo mbalimbali, na lililo refu kuliko yote lilikuwa na mita kama 900. Hakuna njia ya Mombasa. Je, hadithi ya wazee imekufa? Hata kidogo. Mtoto anastahili kupewa vyote viwili: hadithi imvute mpaka mdomoni mwa pango, na akili ya kuuliza imwingize ndani akiwa na tochi na kamba ya kupimia. Vitabu tulivyovitaja vinafanya kazi hiyo. Mtoto ambaye hana hadithi hana hamu ya kuingia. Mtoto ambaye hana swali ataamini lolote atakaloambiwa na mwenye sauti kubwa.

Ndugu Mwenyekiti, ombi letu ni hili. Tunataka kupeleka masanduku ya vitabu katika shule za msingi za nyumbani, kadiri michango itakavyofika. Kila sanduku liwe na vitabu 40: nakala nane za kila kimoja kati ya hivi vitano, ili watoto wasome kwa makundi na wasigombanie. Sanduku likae darasani, si kabatini. Kitabu kikichanika kwa kusomwa, tutakihesabu kuwa kimefanya kazi, na mwalimu hatadaiwa. Muhula ukiisha, shule zibadilishane masanduku.

Mwalimu tunamwomba dakika 20 mara mbili kwa wiki. Asome kwa sauti, afike pale mjumbe anaposikia viboko usiku, afunge kitabu. Watakaotaka kujua zaidi wataazima. Asiulize maswali ya mtihani juu ya kitabu hicho. Siku tukikigeuza kuwa somo, tumekiua.

Kwenu nyinyi mlio mbali, yako mambo matatu. La kwanza ni mchango wa fedha kwa mhazini, kila mtu kwa uwezo wake. La pili, ukija nyumbani kwa Idi, Krismasi au likizo, badala ya peremende peke yake mletee mtoto kitabu kimoja, ukae naye usome sura ya kwanza. La tatu halina gharama: mpigie simu mzee wako akusimulie hadithi moja ya kwenu, iwe ya Pangani, ya Kigombe au ya Moa, uiandike au uirekodi, utupe. Tunataka mwakani ndani ya kila sanduku kuwe na daftari la hadithi za nyumbani zilizoandikwa na watoto wenyewe baada ya kuwahoji wazee. Huenda atakayeandika riwaya ya silikanti yuko darasa la tano sasa hivi, na bado hajakutana na kitabu chake cha kwanza.

Vibambani palimtoa mtoto ambaye maandishi yake yanasomwa popote Kiswahili kinaposomwa. Itakuwa aibu kwetu kama watoto wa Vibambani ya leo watamjua kwa jina la shule tu.

Mungu awabariki, na azidishe pale mtakapotoa.