Mlima Elgon na Walinzi Wake

Msikilizaji, ukiwa Kitale au Bungoma, maji unayokunywa yana uhusiano na Mlima Elgon. Volkano hii iliyozimika ina kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, upande wa Uganda. Mto Suam hushuka kutoka huko, ukaitwa Turkwel, ukaishia Ziwa Turkana. Vijito vingine huingia Nzoia na kufika Ziwa Victoria. Katika pango la Kitum mlimani humo, tembo huchimba chumvi ukutani kwa pembe zao.

Mlima huu pia ni makao ya watu: Wasabaot, Wabukusu na Waogiek wa Chepkitale. Mwaka 2000 Serikali ya Kenya iliigeuza Chepkitale kuwa hifadhi ya wanyama. Septemba 2022, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kwamba kwa hatua hiyo Waogiek walinyang'anywa ardhi yao kinyume cha sheria.

Jamii hiyo imejiandikia kanuni zinazokataza uchomaji makaa msituni. Je, kuna mlinzi bora kuliko anayeishi kwa msitu? Serikali itekeleze uamuzi wa mahakama kikamilifu, nasi tulio chini ya mlima tuache kununua makaa ya miti yake.