Kipimo Kisicholingana na Kitabu



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi. Naanza kwa kuungama. Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha tatu. Katika maabara ile ya fizikia nilipima mara tano, na kipimo kimoja hakikulingana na kitabu. Nikakifuta, nikaandika kingine. Nikapata alama zote.

Sasa sikilizeni wengine walivyofanya. Marekani iliweka angani setilaiti zilizoitwa Vela, zichunguze kama kuna taifa linalolipua bomu la nyuklia kinyume cha mkataba wa 1963. Tarehe 2 Julai 1967 zikanasa mfyatuko wa miali ya gama, ambayo ni nuru kali isiyoonekana kwa macho. Haukufanana na bomu. Wataalamu hawakuufuta. Waliuweka jaladani, wakakusanya mingine, na mwaka 1973 wakatangaza kuwa haitoki duniani wala kwenye jua.

Inatoka wapi, basi? Tarehe 25 Aprili 1998, BeppoSAX, setilaiti ya Waitaliano na Waholanzi, ilinasa mfyatuko mwingine. Habari za setilaiti hiyo zilikuwa zikipokelewa katika kituo cha Malindi, pwani ya jirani zetu Kenya. Darubini zilipoelekezwa upande ule zikakuta supanova, yaani nyota kubwa iliyolipuka, na ililipuka karibu wakati ule ule. Lakini mfyatuko wenyewe ulikuwa hafifu mno, na wako waliosema ni sadfa tu. Ikabidi kungoja. Tarehe 29 Machi 2003 ukaja mwingine wenye nguvu sana, na baada ya siku kama 10, katika nuru yake iliyokuwa ikififia, zikajitokeza alama za supanova. Shaka ikaondoka.

Leo tunajua kwamba nyota nzito ikiishiwa na kuni zake, kiini chake huporomoka, na mara chache hurusha mikondo miwili myembamba kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Ni kama kurunzi: anayemulikwa machoni ndiye auonaye mfyatuko. Si kila supanova hufanya hivyo, wala si kila mfyatuko hutoka huko. Mmoja mfupi wa mwaka 2017 ulitokana na kugongana kwa nyota mbili za nyutroni.

Vijana, mimi ni mtumishi wa serikali. Mezani kwangu hupita hesabu za visima, dawa na madawati. Isiyolingana ndiyo hasa ya kuchunguzwa, kwa maana nyuma yake huenda yupo mtoto anayekaa sakafuni. Nimeshawishika kufuta zaidi ya mara moja, na kila mara nakumbuka kile kipimo changu. Hadi leo sijui kilitaka kuniambia nini, na sitajua kamwe.

Basi andikeni mlichokiona, kisha mkaulize.